Meza ya Kufulia ya Futi Sita na Nusu

Vijana wa ofisi ya nyumba waliniaga mwezi uliopita kwa soda, keki na saa ya ukutani iliyokuwa ikikimbia dakika nne. Nimeirekebisha. Waliponiomba niwaandikie jinsi kazi ilivyokuwa zamani, nadhani walitarajia habari za ujasiri. Sina. Nimefanya kazi miaka yangu yote nikiwa na hofu ya kukosea, na siku nilipokosea hasa sikuwa na hofu hata kidogo, kwa sababu kila kitu nilikuwa nimekipima mara tatu. Hilo ndilo nitakaloandika. Vyeo mnavijua, na mshahara haukuwa na la kusimulia.

Nilianza katikati ya miaka ya hamsini, nikiwa na miaka ishirini, cheti cha shule ya kati, na futi ya mbao ya kukunja niliyoinunua sokoni Gikomba. Kuchora ramani nilijifundisha mwenyewe kwa kijitabu kisichokuwa na jalada wala kurasa za mwisho, kwa hiyo mpaka leo sijui kilihitimisha vipi. Ofisi yetu ilikuwa chumba kimoja chenye kaunta, mwendo mfupi kutoka Shauri Moyo. Siku ya kwanza nilipewa rangi nyeupe nikaambiwa niandike upya namba za milango. Mlango wa saba niliurudia mara nne, kwa kuwa mkia wa saba ile haukulingana na mkia wa kumi na saba. Mkaaji wake, aliyekuwa amejipumzisha baada ya zamu, alitoka na shuka kiunoni akaniuliza kama namba hiyo ndiyo itakayomfukuzia kunguni. Kufikia jioni mtaa mzima uliniita Karani Rula.

Lazima mjue nyumba zenyewe zilikuwaje, maana ninyi mmezikuta na mapazia. Zilijengwa kwa wazo kwamba mwanamume anakuja Nairobi kufanya kazi na mkewe anabaki kwao kumngoja. Chumba kimoja, vitanda vinne, wanaume wanne. Hukupanga chumba, ulipanga kitanda. Mimi nilipanga cha karibu na mlango. Cha dirishani kilikuwa cha Wafula, mpagazi wa reli kutoka magharibi, mtu mkubwa mwenye sauti ya kusimamisha gari la moshi. Mkewe, Nekesa, alikuwa kwao na watoto wawili. Alipokuja kututembelea wiki moja, sisi watatu tulihamia jikoni tukalala tumepangana kama kuni, na kila asubuhi tulimwamkia shemeji kwa shingo zilizopinda.

Aliyenifundisha kazi ni Mzee Nathan, karani mkuu, mtu mkavu aliyevaa tai ileile kila siku ya kazi na kuipumzisha Jumapili. Ndiye aliyenieleza maana ya ruzuku. Serikali kuu ilikuwa imeupa mji fedha za kuendeleza mtaa wetu, kwa mafungu mawili. La kwanza lilikuwa la kujenga kitu kimoja cha kutumiwa na wakaaji wote. La pili, kubwa, lilikuwa la vyumba vya familia: mume, mke, watoto, na mlango wao wenyewe. Lakini la pili lisingetoka mpaka mkaguzi aje aone kwamba kilichojengwa kwa la kwanza kinatumika.

“Ruzuku ni ng'ombe wa kuazimwa,” Mzee Nathan aliniambia. “Mwenyewe hakuulizi umekunywa maziwa kiasi gani. Anakuja kuangalia kama ng'ombe yupo, na kama unamkamua.”

“Na kama hatumkamui, mzee?”

“Anampeleka mji mwingine. Na majirani tulio nao hukamua hata fahali.”

Jina la Wafula lilikuwa la kwanza kwenye orodha ya vyumba vya familia. Nilipolitaja jambo hilo chumbani, siku hiyohiyo alimwandikia Nekesa aanze kuuza kuku. Kuku wakiisha, apande gari la moshi na watoto. Tangu hapo kila barua ya Nekesa ilikuja na habari za kuku waliobaki, naye Wafula akawachora kwa makaa ukutani juu ya kitanda chake, mstari mmoja kuku mmoja, akiufuta kila aliyeuzwa. Sote wanne tuliwafuatilia kuku wale kama watu wanaofuatilia mpira.

Ikaamuliwa kwamba fungu la kwanza lijenge nyumba ya kufulia nguo, ili familia chache zilizokuwapo na makapera wote wasiendelee kupigania bomba moja. Mchoro ulitoka juu. Kazi yangu ilikuwa kuunakili kwa wino. Kunakili tu. Naomba mlizingatie hilo, kwa sababu mimi sikulizingatia.

Mchoro ule ulinitia uchungu. Meza nne ndogo za saruji, bapa, zimebanana. Maji yangekwenda wapi? Blanketi lingetandazwa wapi? Nilikwenda chumbani nikapima blanketi la Wafula, ambalo ndilo refu kuliko yote niliyoyajua. Nikazifuta zile nne nikaweka mbili: urefu futi sita na nusu, upana mbili na nusu, kimo cha kiunoni, zimeinama kidogo kutoka kila upande kuelekea mtaro mwembamba wa katikati, na tundu la maji upande mmoja. Kati ya meza na meza nikaweka ukuta, ili upepo usirushe povu. Madirisha nikayapandisha juu ya vichwa, akina mama wafue kwa faragha. Kijitabu changu kilisema jengo la ukanda wetu lielekee kaskazini ili jua lisiwapige watu machoni, nami nikalielekeza kaskazini barabara, kwa dira ya kuazima. Huko juu walipiga muhuri bila kutazama. Niliona fahari wiki nzima.

Mwashi alikuwa Fundi Kasimu, mtu wa makamo wa zile familia za Kiislamu zilizotoka pwani zamani, aliyejenga mchana na kuadhini msikitini jioni. Alikuwa na mazoea ya kupiga mluzi akiwa kazini. Alipofika kwenye meza, mluzi ukakoma. Alianza kila asubuhi kwa bismillahi, akalainisha saruji kwa kiganja chake mwenyewe, na pima maji langu hakulionea kero kama mafundi wengine; aliliazima.

“Karani,” aliniuliza siku moja, “urefu huu umeupataje?”

“Nilipima blanketi.”

“Blanketi,” alisema. “Haya. Mwenye adabu hasemi yote.”

Nilidhani ananisifu kwa unyenyekevu. Sijawahi kuona fundi anayeheshimu kipimo namna ile, nikaandika hivyo kwenye daftari langu.

Jengo lilikamilika kabla ya kibao chake. Kibao kilichelewa kwa sababu yangu. Herufi sikuzipenda, nikazikwangua mara tatu. Kwa hiyo jengo lilisimama bila jina, na ufunguo ukaning'inia msumarini nyuma ya kaunta. Katikati ya hayo ikaja fomu kutoka kwa wenye ruzuku, na ndani yake kisanduku: jengo linatumikaje? Bado lilikuwa halijafunguliwa. Lakini kisanduku kitupu kwenye fomu huniuma kama jino. Nikaandika: akina mama wanafua kila siku isipokuwa Jumapili. Nilijiambia kwamba fomu ikifika itakuwa kweli.

Nikaweka tangazo kwamba ufunguo upo kaunta. Wiki ya kwanza hakuja mtu. Wiki ya pili hakuja mtu. Wiki ya tatu ikaja barua: Mkaguzi atafika Alhamisi. Ilikuwa Jumatatu, na ukutani juu ya kitanda cha Wafula walikuwa wamebaki kuku watatu.

Nilikimbia kwa Bi. Zuhura, aliyeuza mahamri karibu na bomba na ambaye bila kauli yake hakuna mwanamke wa mtaa ule aliyefanya jambo.

“Shikamoo, Bi. Zuhura.”

“Marahaba, mwanangu. Mahamri yamekwisha.”

“Sikuja kwa mahamri. Alhamisi nataka akina mama mje kufua kule kwenye jengo jipya.”

Aliacha kukung'uta unga. “Kufua nini?”

“Nguo.”

“Nguo za nani?”

“Zenu. Kanga, shuka, za watoto.”

Alinitazama jinsi unavyomtazama mtu aliyeanza kupandwa na homa. “Karani, nikifua kanga yangu pale, nitaivalia wapi tena? Kaburini?”

Nikamwambia sielewi. Akanielewesha kwa upole, akihesabu kwa vidole vyenye unga. Meza ni urefu wa mtu. Ina mtaro, na tundu la maji upande wa miguu. Zipo mbili, ya wanaume na ya wanawake, na ukuta katikati. Madirisha yako juu, watoto wasichungulie. Na nyumba nzima imeelekea kaskazini, ambako kwetu hapa ndiko kibla.

“Wala si karibu na kibla,” alisema. “Kibla chenyewe. Fundi Kasimu alipotuambia serikali inatujengea mahali pa kuoshea maiti, hatukuamini mpaka tulipokwenda kuona. Tukasema, hatimaye wamepata karani mwenye adabu. Tunangoja tu mkubwa aje atukabidhi.”

Nilikwenda nikafungua mlango nikasimama. Kwa miezi nilikuwa nikizitazama meza zile nikaona blanketi. Sasa nililitafuta blanketi sikuliona tena.

Nilikiri kwa Mzee Nathan, pamoja na habari ya kisanduku.

“Umeandika kwamba panafuliwa?”

“Kila siku, isipokuwa Jumapili.”

“Kwa nini isipokuwa Jumapili?”

“Niliona ndivyo itakavyoaminika.”

Alilegeza tai, jambo ambalo sikuwahi kumwona akilifanya. “Basi Alhamisi pafuliwe,” alisema.

Sasa naandika sehemu ninayoionea aibu. Nilimwomba Wafula alete wapagazi wenzake waje kufua mbele ya Mkaguzi, nikamweleza kwamba bila hivyo vyumba vitakwenda mji mwingine. Hayo yalikuwa kweli. Ya maiti sikumwambia. Nilijihesabia haki kwamba hakuna maiti aliyewahi kupita pale, na saruji ni saruji.

Alhamisi walifika sita, na mafungu ya nguo zinazonukia sabuni.

“Hizi ni safi,” nilisema.

“Tulizifua jana,” Wafula alisema. “Ulitaka Mzungu aone uchafu wetu?”

“Sasa mtafua nini?”

“Tutazifua zaidi.”

Wakajipanga, wakamwaga maji, wakaanza kusugua kwa bidii ya watu wanaotazamwa. Wafula alipitisha kiganja juu ya saruji. “Meza nzuri hii, Karani. Laini. Mtu anaweza hata kulala.” Mche wa sabuni uliniponyoka.

Mkaguzi aliingia na Mzee Nathan. Alikuwa Mzungu mfupi mwenye kofia, magoti mabovu na uso wa mtu aliyekwisha kuonyeshwa mambo mengi. Hakujua Kiswahili, kwa hiyo mimi ndiye niliyekuwa mkalimani. Alitazama povu. Alitazama mtaro. Akatoa kalamu, nami nikaona kwa macho yangu ikigusa karatasi.

Hapo mlango ukajaa kanzu. Fundi Kasimu na wazee watano wa msikiti, wamevaa nyeupe, mmoja amebeba chetezo cha udi, mwingine ndoo mpya. Walikuwa wamesikia mkubwa amekuja kukabidhi. Fundi Kasimu aliona ovaroli ya Wafula imetandazwa juu ya meza aliyoilainisha kwa kiganja chake.

“Karani,” alisema taratibu, “hawa wanafanya nini hapo?”

“Tunafua, mzee,” Wafula akajibu. “Karibu, nafasi iko.”

Fundi Kasimu alifumba macho, akasema astaghfirullah kwa sauti ya chini, kisha, kwa kuwa alikuwa mtu wa adabu na hotuba alikuwa ameiandaa, akamgeukia Mkaguzi.

“Bwana mkubwa, tumekuja kushukuru. Miaka yote katika mtaa huu mtu wetu akifariki tunamwoshea chumbani, juu ya kitanda alicholalia, na wenzake watatu wako nje na vitanda vyao vinalowa. Tuliomba mara nyingi. Sasa mmetujengea mahali pa kuwaosha wafu wetu kwa heshima. Walio hai wanashukuru. Na waliotangulia wangeshukuru pia, kama wangengoja kidogo.”

Nyuma yangu kusugua kulikoma. Mpagazi mmoja alikuwa tayari nje. Wafula aliinua ovaroli yake kwa vidole viwili.

“Karani,” alisema, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue sauti yake ilikuwa ndogo, “umenileta kufulia wapi?”

“Huyu mzee anasema nini?” Mkaguzi aliniuliza.

Ningeweza kumwambia kwamba wazee wanashukuru kwa nyumba ya kufulia. Basi. Mzee Nathan alinikazia macho, akiniombea nipate maneno hayohayo. Kalamu ilikuwa bado hewani. Kuku walikuwa watatu. Nilifungua mdomo niseme uongo, na nikashindwa, kwa sababu ile tafsiri ingekuwa na kosa. Nisingependa mniite mwaminifu kwa ajili ya hilo. Ulikuwa ugonjwa uleule wa mkia wa saba. Nilitafsiri kila neno, mpaka waliotangulia kungoja kidogo, halafu bila kuulizwa nikaongeza kwamba fomu niliijaza mimi, mchoro niliubadilisha mimi, na urefu ni wa blanketi la huyu bwana mwenye ovaroli.

Mkaguzi aliniomba futi yangu. Akapima meza. Akainama kwa taabu akatazama tundu la maji, akainuka.

“Amesema vitanda vitatu vinalowa,” alisema. “Chumba kina vitanda vingapi?”

“Vinne, bwana.”

“Nionyeshe kimoja.”

Nilikuwa na ufunguo wa chumba kimoja tu mfukoni, kwa hiyo nikampeleka chetu. Wafula alitufuata, maji yakimdondoka viwikoni. Mkaguzi hakupata pa kusimama akaketi kwenye kitanda cha dirishani, magoti yake yakigusa cha jirani. Akaiona ile mistari ya makaa ukutani.

“Hii ni nini?”

Wafula alikuwa ameelewa swali. “Kuku, bwana,” alisema.

Nikatafsiri kuku. Mkaguzi akangoja, nami nikatafsiri yaliyobaki: Nekesa, watoto, gari la moshi, na kwamba mistari ikiisha na vyumba visipokuwapo, mama wa watu atakuwa ameuza kuku wake bure. Wafula alisimama wima kama anayepigwa picha.

Mkaguzi alipigapiga kalamu gotini. “Wiki hii nimeonyeshwa majengo manne ya ruzuku,” alisema. “Kila mahali watu walikuwa wamepangwa waningoje. Hapa pia mmewapanga, na nguo zenyewe ni safi. Lakini hili ndilo la kwanza ambalo watu wamenijia wenyewe wakilitaka.” Akakata neno moja kwenye fomu, akaandika jingine juu yake, akaomba asaidiwe kuinuka.

Fungu la pili lilitoka. Barua yake ilikuwa na sentensi moja zaidi, kwamba michoro ya vyumba vya familia isinakiliwe na karani aliyenakili ile ya kwanza. Mzee Nathan alinisomea sentensi hiyo mara mbili, mara ya pili kwa raha. Wafula hakunisemesha siku nane. Ile ovaroli alimwachia mtu wa zamu nyingine, na najua hakumweleza ilikofuliwa.

Vyumba vilipokamilika, Nekesa alishuka stesheni na watoto wawili na jogoo. “Huyu alikosa mnunuzi,” alisema. “Anawika mapema mno.” Jogoo yule aliishi nao miaka miwili na hakuna mtu wa jengo lile aliyehitaji saa.

Mahali pa kufulia palipatikana hatimaye. Fundi Kasimu alimwaga sakafu ya saruji mwisho wa jengo la vyumba vya familia, chini kabisa, bila mchoro, na akina mama wakaketi juu ya vigoda na makarai yao, kama walivyofua siku zote. Sakafu ile imepinda. Maji yanatuama upande wa kushoto. Wiki ya kwanza nilikwenda na pima maji langu nikapiga magoti karibu na karai la Nekesa.

“Shemeji,” alisema, “ondoa hicho kijiti, unanizibia jua.”

Nikakiondoa. Maji yanatuama pale mpaka leo. Mkipita mtayaona, na nawaomba msiyaguse.

Ile nyumba nyingine ilipata kibao chake, chenye jina lake la kweli. Nilikiandika mara moja tu. Fundi Kasimu mwenyewe alioshewa pale, juu ya meza aliyoijenga. Miaka mingi baadaye akafariki Bi. Zuhura, akaoshewa upande wa pili wa ukuta, ambako sisi wanaume hatuingii. Nilisimama nje na wengine, mikono nyuma, nikiwaza juu ya mwinamo wa saruji kama mtu asiye na haya.

Baada ya mazishi binti yake alinifuata barabarani. Alikuwa amesaidia kumwosha.

“Mama alitaka nikwambie akifika pale,” alisema. “Alisema wewe utataka kujua. Maji yalikwenda yote, Karani. Halikubaki hata tone.”

Nilimshukuru, nikampa pole. Ufunguo wa jengo lile ulikuwa mfukoni mwangu na futi ilikuwa mfuko wa pili. Nilitembea mpaka nyumbani, na sikurudi kupima.